MASIKA, WATOTO WADOGO, NA LILE LANGO LETU

(Hotuba iliyotolewa bwaloni siku ya Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani. Mzungumzaji alisoma hapa toka mwaka 1995 hadi 1998, na sasa ni mtumishi wa Serikali katika idara ya mipango.)

Ndugu Mwenyekiti wa Umoja wetu, Ndugu Mkuu wa Shule, wazee wangu mliotutangulia kupita katika bwalo hili, walimu, wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mlioketi kule nyuma karibu na mlango wa jiko, mahali nilipopenda kukaa mimi kwa sababu uji ulifika huko kwanza:

Ndugu Mwenyekiti aliniandikia barua akaniomba nizungumze juu ya "Mwanafunzi wa Zamani na Maendeleo ya Taifa". Nilikaa na mada hiyo wiki mbili. Kila nilipoanza kuandika, niliona naandika maneno ambayo ninyi nyote mnaweza kuyasema bila ya mimi kusafiri kilomita 300. Kwa hiyo nimeomba radhi na nimepewa ruhusa ya kuzungumza juu ya jambo moja tu, nalo ni malaria ya watoto wadogo wakati wa masika, na namna watu wa vijijini wanavyoweza kuizuia wao wenyewe wakipewa nyenzo. Mwishoni nitaleta hoja juu ya fedha za Umoja huu. Nasema mapema ili wale watakaokasirika wapate muda wa kujiandaa.

Niseme kwanza kwamba mimi si daktari. Nilisomea uchumi Chuo Kikuu, na kazi yangu ni kupanga bajeti. Yale ya kitabibu nitakayoyasema nimeyasoma na kuwauliza wanaojua.

Wenzangu wa miaka ya tisini mnakumbuka dawa ya klorokwini. Mnakumbuka hasa ule muwasho. Mtu alimeza vidonge vinne jioni, na kabla ya taa kuzimwa alikuwa akijisugua mgongo kwenye ukuta wa bweni kama mbuzi kwenye mti. Kwa hiyo tulijifunza ujanja. Kidonge kilikaa chini ya ulimi mpaka nje, kikatupwa katika maua yaliyopandwa mbele ya zahanati ya shule. Mama yule wa zahanati hakuwa mjinga. Alituamuru tufungue kinywa, tuinue ulimi, tuseme "aaa", ndipo aweke alama katika daftari lake. Nyakati zile nilimwona mkali bila sababu. Baadaye nitarudi kwake, maana nimekuja kuona kwamba nusu ya elimu ninayotaka kuwaeleza leo alikuwa nayo yeye.

Na mnakumbuka kufyeka. Kila Jumamosi ya masika tulifyeka majani kuizunguka shule yote kwa sababu tuliambiwa ndimo mbu walimozaliana. Vijana, mbu anayeleta malaria katika sehemu zetu hutaga mayai yake katika maji, na hupenda zaidi maji madogo yaliyo wazi juani: dimbwi la barabarani, shimo la kufyatulia matofali, hata kwato la ng'ombe lililojaa maji ya mvua. Kufyeka kwetu kulitusaidia dhidi ya nyoka. Kuhusu malaria sidhani kama kulitusaidia sana.

Sasa niwaeleze kwa nini nimechagua jambo hili. Mwezi wa Aprili mwaka 1996, nikiwa kidato cha pili, nilipokea barua ya baba iliyoandikwa mwezi wa Machi. Ilisema kwamba mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na miaka miwili na nusu, amefariki, amekwisha zikwa, na kwamba nisihangaike kuomba ruhusa maana mto umejaa na magari hayapiti. Nilipofika nyumbani likizo ya Juni ndipo nilipoelezwa. Mtoto alianza kuchemka Ijumaa jioni. Jumamosi alifajiri amekakamaa, macho yamegeuka juu. Wakubwa nyumbani wakasema ni degedege.

Wengi wenu mmekulia mahali ambapo neno hilo halisemwi kwa sauti. Degedege ilihesabiwa kuwa jambo la pepo, la ndege wa usiku, na mtoto mwenye degedege aliogeshwa dawa za miti au kufukizwa moshi wa kinyesi cha tembo. Na palikuwa na sharti moja kubwa kuliko yote: asipelekwe hospitali kuchomwa sindano, kwa maana sindano ilisemekana kumwua mtoto mwenye degedege. Mdogo wangu alikaa nyumbani siku mbili. Siku ya tatu baba aliamua kumbeba kwenda zahanati, kilomita 11, akakuta mto hauvukiki.

Nimefikiri sana juu ya sharti lile la sindano, na siku hizi siliiti ujinga. Watoto walifikishwa hospitali wakiwa wamekwisha zidiwa, malaria imepanda kichwani, wakachomwa kwinini, na wengi wakafa usiku uleule. Aliyekuwa akitazama aliona mambo mawili yakifuatana, sindano kisha kifo, akaunganisha. Sisi wachumi hufanya kosa la namna hiyo kila mwaka katika taarifa zetu na tunalipwa mshahara. Kilichokosekana ni mtu anayeaminika, jirani, aliye na dawa mkononi siku ile ya Ijumaa, kabla mtoto hajakakamaa. Au, vizuri zaidi, mtu aliyepita wiki tatu kabla na kuzuia homa isianze.

Ndugu Mwenyekiti, kule kupita kabla ya homa ndiko ninakotaka kukueleza, na kwa ajili hiyo lazima tusafiri mpaka Sahel.

Mwaka 2019 nilipelekwa mafunzo ya miezi mitatu nje ya nchi, pamoja na watumishi wa mipango wa nchi mbalimbali. Bwenini niliwekwa chumba kimoja na bwana mmoja wa Burkina Faso. Yeye alisoma Kifaransa, mimi Kiingereza, na tulizungumza kwa vipande vya lugha zote mbili na mikono. Tulipofika mwezi wa Agosti alianza kukosa usingizi. Nilidhani ni chakula. Akaniambia kwamba kwao Agosti ni mwezi wa kuzika watoto. Mvua yao ni fupi, toka Juni mpaka Septemba hivi, na ghala za mavuno ya mwaka uliopita huwa zimekwisha. Kwa hiyo njaa na malaria humkuta mtoto katika wiki zilezile, na mama yuko shambani toka alfajiri, kwa kuwa asipolima sasa hatalima tena mpaka mwaka ujao.

Ndipo akanieleza kazi aliyoiacha nyumbani, ya kupanga ugawaji wa dawa ya kinga kwa watoto wote wa wilaya yake. Nilikuwa sijapata kuisikia.

Mpango wenyewe ni huu. Mahali ambapo zaidi ya asilimia 60 ya wagonjwa wa malaria wa mwaka mzima hutokea katika miezi minne mfululizo, hakuna haja ya kungoja mtoto augue. Mara moja kila mwezi katika miezi hiyo, kila mtoto toka miezi mitatu hadi chini ya miaka mitano hupewa dozi kamili ya dawa mbili, sulfadoksini-pirimethamini, ambayo sisi huiita SP, pamoja na amodiakwini. Siku ya kwanza humeza zote mbili mbele ya mgawaji. Siku ya pili na ya tatu humeza amodiakwini tu, nyumbani, kwa mkono wa mama yake. Dawa hizo husafisha vimelea vilivyojificha katika damu na hukaa mwilini kiasi cha wiki nne zikizuia vipya. Wiki hizo zikiisha mgawaji amekwisha rudi. Mvua ikikatika kazi inafungwa mpaka mwaka ujao.

Mtoto mwenye homa siku ya ugawaji hapewi. Hupimwa, na akionekana ana malaria hupewa tiba. Mwenye kudhurika na dawa za salfa naye hapewi. Akitapika kabla ya nusu saa kupita, hurudiwa dozi.

Haya hayakuzuka jana. Mwaka 2004 watafiti, akiwamo Badara Cissé wa Senegal, walifanya jaribio la namna hii katika eneo la Niakhar nchini humo, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba homa za malaria zilipungua kwa asilimia 86 kwa watoto waliopewa dawa. Majaribio mengine yalifuata, na mapitio yaliyoyakusanya pamoja yakaona kwamba kwa jumla kinga hii huzuia kama robo tatu ya malaria, ile ya kawaida na ile kali. Mwezi wa Machi mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa nchi za Sahel. Mwaka huohuo Madaktari Wasio na Mipaka waliigawa kwa wingi Koutiala, Mali, na Moïssala, Chad. Mwaka 2012 watoto waliofikiwa kwa kila mzunguko walikuwa kama laki mbili tu katika Afrika nzima. Mwaka 2023 walikuwa milioni 53.

Mimi ni mtu wa bajeti, nikauliza gharama. Katika nchi saba za Afrika Magharibi na Kati ambako mpango mkubwa ulifanyika mwaka 2015 na 2016, gharama ya kumhudumia mtoto mmoja kwa mizunguko minne, ukihesabu dawa, posho, usafiri na usimamizi, ilikuwa kwa wastani dola 3 na senti 63. Kwa fedha zetu za leo haifiki shilingi 10,000. Nchini Burkina Faso vifo vya malaria vya watoto hospitalini katika miezi ile vilipungua kwa asilimia 42, na nchini Gambia kwa asilimia 57 hivi.

Lakini tarakimu hizo hazikunishangaza kama hesabu nyingine niliyoifanya mwenyewe usiku ule, juu ya bahasha. Chukua kijiji chenye watoto 300 wa umri huo. Kila mtoto ana siku tatu za dawa kwa mzunguko, mara mizunguko minne, yaani dozi 12. Kwa kijiji ni dozi 3,600. Katika hizo, 1,200 humezwa mbele ya mgawaji, na 2,400 humezwa nyumbani bila mtumishi yeyote kuona. Theluthi mbili ya mpango mzima imo mikononi mwa akina mama ambao hawamo katika orodha yoyote ya malipo. Mama akikosa imani na dawa, au mtoto akiitema na yeye akachoka kubembeleza, kinga ya mwezi ule inapungua, na hapana ripoti itakayosema.

Ndiyo maana nilisema nitarudi kwa mama wa zahanati yetu. Amodiakwini ni chungu. Miaka ya mwanzo vidonge vilisagwa kwa kijiko, vikachanganywa na maji na sukari, na watoto walivitema na kuvitapika. Tangu mwaka 2016 vilianza kutumika vidonge vinavyoyeyuka majini, vyenye utamu, na mtoto anakunywa kikombeni. Mtu fulani katika kiwanda alikumbuka ulimi wa mtoto. Sisi tungalipewa klorokwini tamu, yale maua yasingalikufa.

Yule bwana alinieleza pia mambo ambayo hayaandikwi katika miongozo. Siku moja kabla, mpiga mbiu hupita kijijini na ngoma jioni, watu wakiwa wamerudi kutoka mashambani, na siku ya ugawaji kazi huanza mapema kabla akina mama hawajaondoka. Wagawaji hutembea wawiliwawili, wamechaguliwa na kijiji chenyewe. Nyumba iliyokwisha pitiwa huchorwa alama ya chokaa ukutani. Mahali maji yalipofurika walivuka kwa mtumbwi, dawa zimefungwa katika mfuko wa nailoni kichwani. Na kila mwaka hesabu ya watoto ilimtia aibu, kwa sababu idadi waliyoikadiria ofisini ilipungukiwa, na taarifa ikasoma kwamba wamewafikia watoto asilimia 108. Nikacheka sana. Nilizitambua hesabu za ofisi yangu.

Sasa mtauliza, je, haya yanatuhusu sisi? Sisi wa kusini mvua yetu ni moja, toka Desemba hivi mpaka Aprili au Mei, na malaria huifuata. Nchi yetu imepiga hatua: katika uchunguzi wa mwaka 2007 na 2008 watoto 18 katika kila 100 walikutwa na vimelea, na mwaka 2022 walikuwa 8. Vyandarua vimefanya kazi kubwa, na wenye umri wangu wanakumbuka vile vya Zuia Mbu vilivyoanzia bonde la Kilombero mwaka 1997, na Hati Punguzo ya mwaka 2004. Lakini wastani wa taifa huficha mambo. Uchunguzi uleule wa mwaka 2022 ulikuta Mtwara watoto 20 katika kila 100.

Hata hivyo nawaomba tusiige kama kasuku. Mwaka 2012 wataalamu waliiwekea kinga hii mpaka wa Sahel kwa sababu maalumu. Huku kwetu Mashariki vimelea vimezoea SP. Tuliitumia kutibu badala ya klorokwini kuanzia mwaka 2001, nayo ikachoka upesi, ikabidi mwaka 2006 tuhamie dawa ya mseto, na SP ikabakizwa kwa kinga ya akina mama wajawazito. Kwa hiyo kwa muda mrefu jibu lilikuwa kwamba Mashariki haifai.

Wenzetu wa Uganda wakajaribu hata hivyo. Mwaka 2021, katika wilaya za Moroto na Kotido kule Karamoja, nchi ya wafugaji na ya mvua za msimu, watoto walipewa SP na amodiakwini kila mwezi kama Sahel. Waliopewa walipata malaria kwa kiasi cha asilimia 92 chini ya wale wa wilaya jirani ambayo haikupewa, ijapokuwa vimelea vyenye usugu wa SP vimo humo. Katika mwaka huohuo, kati ya Machi na Juni, watafiti wetu walijaribu dawa nyingine, ya jamii ya mseto yenye piperakwini, katika vijiji vya Nanyumbu na Masasi mkoani Mtwara, siku tatu kila mwezi kwa miezi mitatu, na watoto waliopata walikingwa kuliko wale wa vijiji vya kulinganishia. Mwezi wa Juni mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaondoa ule mpaka wa Sahel na kuziachia nchi zipime hali zao. Uamuzi wa kuipeleka dawa kijiji hadi kijiji ni wa Wizara, si wangu wala wenu, na mtu asitoke hapa akaenda kununua SP dukani kuwagawia wajukuu. Hilo nalisema kwa nguvu kabisa.

Kuna chanjo pia. Ile ya pili iliyoidhinishwa mwaka 2023 ilijaribiwa mahali kadhaa, Bagamoyo pakiwa pamojawapo. Na kule Burkina Faso na Mali, chanjo ya kwanza ilipounganishwa na dawa za msimu, malaria ilipungua kwa kama asilimia 63 zaidi ya pale dawa zilipotolewa peke yake. Chanjo, chandarua, dawa ya kinga, kipimo cha haraka, vyote hivyo vinafika kwa njia moja. Vinabebwa na mtu anayetembea kwa miguu katika matope ya masika.

Hapa, Ndugu Mwenyekiti, sina budi kukiri jambo. Mwaka 2018, katika halmashauri moja ambayo sitaitaja, mimi ndiye niliyeandaa rasimu ya bajeti. Tulipewa ukomo mdogo kuliko tulivyotarajia. Palikuwa na kasma ya posho ya wahudumu wa afya wa vijiji, 42 kwa idadi, wote wa kujitolea, fedha kidogo sana kwa kila mmoja. Nikaikata. Ilikuwa rahisi kuikata: hapana mhudumu aliyekuwa na ofisi ya kuja kulalamika, hapana diwani aliyeuliza. Kasma ya mafuta ya magari haikuguswa.

Masika yaliyofuata nilikuwa safarini kukagua daraja. Njiani nilinunua maandazi kwa mama mmoja, na kumbe alikuwa mmoja wa wale 42. Alinijua, mimi sikumjua. Hakunigombeza. Alisema, "Baba, mimi sikuacha kwa sababu ya ile posho. Niliacha kwa sababu viatu viliisha, na nilipouliza vingine nikaambiwa hatumo tena katika karatasi." Kisha akanihesabia chenji yangu.

Nilikuwa na karatasi hiyo katika mkoba. Nimekula maandazi mengi tangu siku ile na sijayasahau yale.

Wazee wangu mliokuwa watu wazima mwaka 1973 mnayajua haya kuliko mimi. Mnaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili wamekaa katika vikundi kuizunguka redio, wakisomeana kijitabu, malaria ikiwa miongoni mwa masomo, kisha wakatoka pamoja kufukia madimbwi na kuchimba vyoo. Baba yangu alikiweka kijitabu chake katika sanduku la bati pamoja na kadi ya chama. Nilipokuwa mdogo nilijifunzia kusoma humo. Na bado, mwaka 1996, katika nyumba iliyokuwa na kijitabu kile, mtoto alifukizwa moshi. Kampeni ilikuwa imekwisha siku nyingi, redio ilikuwa imeharibika, na hapakuwa na mtu aliyebaki kupita nyumba kwa nyumba mvua inapoanza. Simlaumu baba. Najua namna nyumba inavyokuwa usiku mtoto akiwa mgonjwa na wazee wamekwisha sema.

Januari mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwafundisha zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Ni mpango mkubwa, na mimi kama mtumishi naujua ukubwa wake kwenye karatasi. Kutoka kwenye karatasi mpaka kwenye vijiji vinne vinavyoizunguka shule hii ni mwendo mwingine.

Juzi nilifika mapema makusudi, nikavitembelea vijiji hivyo vyote vinne. Nilikutana na wahudumu saba. Wawili wana baiskeli, moja haina breki. Mmoja ana mabuti. Wote saba wanaandika majina ya watoto katika madaftari ya shule, yale ya kurasa 48, waliyoyanunua wenyewe, na katika kijiji kimoja daftari lililoa maji masika yaliyopita, wakaanza upya kwa kukumbuka. Nilimwuliza mmoja wao ana watoto wangapi chini ya miaka mitano katika kitongoji chake. Akataja idadi bila kusita, kisha akasema, "Na wengine wawili wamezaliwa juzi, sijawaandika, kalamu imekwisha." Nilimpa yangu. Ofisi yangu haina takwimu nzuri kama zile.

Sasa hoja. Umoja wetu una akiba iliyochangwa kwa miaka minne kwa ajili ya kujenga lango la shule, la mawe, lenye nembo na jina. Mchoro nimeuona, ni mzuri, na mwenzetu aliyeuchora ni rafiki yangu wa bweni moja, naye ananitazama sasa hivi kwa jicho baya. Sisemi tusijenge. Nasema lango lijengwe kwa matofali badala ya mawe, na fedha itakayobaki, ambayo kwa hesabu ya Mhazini ni kama theluthi moja, inunue kabla ya mvua mabuti na makoti ya mvua kwa wahudumu wote saba, baiskeli tano, tochi, mifuko isiyopitisha maji, na madaftari makubwa yenye jalada gumu. Ununuzi ufanywe kwa kushauriana na Mganga Mkuu wa Wilaya na watendaji wa vijiji, ili tusije tukagawa vitu kiholela na kuwavurugia watu utaratibu wao. Mwaka ujao tuletewe taarifa hapa bwaloni, na aliyeitoa awe mmoja wa wahudumu, wala si mmoja wetu.

Na ninyi vijana wa kidato cha tatu, nimezungumza na Mkuu wa Shule, naye hakukataa. Jumamosi mbili za mwezi ujao, badala ya kufyeka, kila mhudumu apewe wanafunzi watatu wenye mwandiko unaosomeka wamsaidie kunakili orodha ya watoto nyumba kwa nyumba: jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, kama kuna chandarua na kama kinatumika. Siku Wizara itakapoamua kuleta chochote huku, iwe dawa au chanjo, swali la kwanza litakuwa watoto wangapi na wako wapi. Wengine kati yenu mtaandika majina ya wadogo zenu wenyewe. Msiwaulize akina mama maswali kwa ukali kama makarani wa kodi, na mkikuta mtoto anachemka, acheni daftari, mwiteni mhudumu apime palepale.

Ndugu Mwenyekiti, katika ajenda ya alasiri suala la lango ni la tatu. Naomba hoja yangu iandikwe kabla yake, na kura zipigwe kabla watu hawajaanza kuondoka kuwahi basi la saa kumi.